Kulea watoto wa wenzako nyumbani: leseni, ploti na pumzi ya mtoto

Juma hili naliweka kando somo la shinikizo la damu nililokuwa nimewaahidi, wasomaji wanisamehe. Limeletwa swali na mama mmoja anayeishi katika kituo cha biashara kilichopakana na mashamba ya chai, huko juu penye baridi kati ya Kericho na Bomet, na nimeona haliwezi kungoja.

Mama huyu huwalea watoto 11 wa watu wengine katika chumba cha kukodi chenye futi 10 kwa 10. Wazazi wao ni wachumaji wa majani chai, wauza mboga, na wawili ni makarani mjini. Huwapokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakiwa bado wamefunikwa shuka, na huwarudisha saa kumi na moja jioni. Majuzi alitembelewa na maafisa wakamwambia kwamba hana leseni, kwamba ploti ile ni ya makazi wala si ya biashara, na kwamba ana siku saba. Anauliza: "Daktari, nifunge? Na nikifunga, hawa watoto wataachiwa nani?"

Jibu fupi ni hili. Usiipuuze notisi hiyo, wala usifunge mlango kesho asubuhi na kuwaacha watoto njiani. Nenda wewe mwenyewe katika ofisi ya afya ya umma kabla siku hizo hazijakwisha, ukamwombe bwana afya aje akukague na akuandikie yanayopaswa kurekebishwa. Na kabla hujaenda huko, anza kupunguza watoto, kwa sababu chumba chako ni kidogo mno kwa watoto 11, uwe na leseni au usiwe nayo. Wale waliotimiza miaka minne mahali pao ni shule ya chekechea, nao wakiondoka mzigo utakuwa umepungua. Jibu refu ndilo somo la leo, na linawahusu pia ninyi wazazi wa mijini mnaowaacha watoto kwa jirani kila asubuhi bila kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Msomaji asiyezijua nyanda za chai huenda akajiuliza kwa nini mama asimkalie mtoto wake mwenyewe. Chai si kama mahindi. Huchumwa mwaka mzima, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Akichelewa saa mbili kwa kukosa wa kumshikia mtoto, amepoteza kilo ambazo jioni hawezi kuzifidia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, lakini kibarua wa kutwa haioni likizo hiyo ikipita hata karibu na mlango wake. Ndiyo maana mtoto wa miezi mitatu, na mara nyingine wa wiki sita, hufungwa mgongoni alfajiri na kupelekwa kwa mlezi.

Makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920 yaliwaweka wafanyakazi katika laini, yaani zile safu za nyumba za kampuni, na baadaye baadhi ya mashamba yakajenga kreshi za watoto. Si muda mrefu uliopita watafiti wa APHRC pamoja na UNICEF walifanya kazi na shamba moja la chai katika Kaunti ya Kericho, kusaidia akina mama wafanyakazi waendelee kunyonyesha. Kwa hiyo si kwamba jambo hili halijulikani. Lakini kreshi ya kampuni ni ya watoto wa waajiriwa wa kampuni. Mashine za kuchumia, zile zilizochomwa moto katika ghasia za Mei 2023, zimepunguza wachumaji wa kudumu, na wengi sasa hukodi vyumba vituoni na kutafuta kibarua siku kwa siku. Huku kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya KTDA, kama vile vya Litein, Mogogosiek na Kapkoros, kreshi haikuwahi kuwapo. Aliyekuwapo ni kogo, yaani nyanya, na kogo naye sasa huenda akawa yumo shambani akichuma.

Hapo ndipo anapoingia mlezi wa nyumbani, yule ambaye mtaani huitwa mama wa dei kea. Si mhalifu. Lakini pia haitoshi kuwa na moyo mwema.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliyapa serikali za kaunti kazi ya kusimamia shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto, pamoja na kazi za afya mashinani na upangaji wa ardhi. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Nairobi ilijitungia sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, na mlezi wa Kayole au Kawangware husajiliwa kwa sheria hiyo. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mlezi huangukia mikononi mwa sheria za jumla, kila moja na ofisi yake, na hapo ndipo akina mama wengi wanapochoka na kurudi nyumbani.

Ofisi ya biashara itamtaka awe na leseni ya biashara ya kaunti, kwa sababu anapokea malipo. Afya ya umma itataka kukagua nyumba. Akiwapikia watoto, yeye na msaidizi wake watatakiwa wapimwe na wawe na cheti cha afya cha watu wanaoshika vyakula, ambacho huisha baada ya miezi sita. Hicho cheti wengi hudhani ni cha hoteli tu. Sivyo, na kwa maoni yangu kina faida kubwa zaidi kwa anayepika uji wa watoto kuliko kwa anayekaanga chipsi, kwa maana mtu mzima akiharisha siku mbili hupona, na mtoto wa miezi minane akiharisha siku mbili anaweza kufa. Aidha ni busara kuwa na cheti cha tabia njema cha polisi, na mzazi asione haya kuuliza.

Kuna mipaka miwili ambayo mlezi asiivuke bila kujua. Akianza kufundisha watoto wa miaka minne na mitano, na kuwashonea sare, amefungua shule, na chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 shule lazima isajiliwe na upande wa elimu. Akianza kulaza watoto usiku, juma baada ya juma, huku wazazi wao wakiwa mbali, huo si ulezi wa mchana tena. Ameingia katika mambo ya Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo ni makali, na ni haki yawe makali.

Sasa jambo la ploti, ambalo ndilo linalowatatiza watu kuliko yote. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kila mahali pana matumizi yake, kama ni makazi, biashara au kilimo. Anayetaka kubadili matumizi hayo kwa kiasi kikubwa lazima apate kibali cha mipango kutoka kwa serikali ya kaunti. Maneno yenye uzito hapo ni "kwa kiasi kikubwa". Mama anayeishi katika nyumba yake na kushika watoto watatu wa majirani bado anaishi katika nyumba yake. Mama aliyehamisha kitanda, akaandika jina la kituo ukutani kwa rangi nyekundu na kupokea watoto 20, amegeuza nyumba kuwa kitu kingine. Katikati ya hao wawili pana nafasi ya kuzungumza na afisa wa mipango, na mazungumzo hayo yafanywe kwa barua ili jibu nalo lije kwa barua.

Inategemea pia unalea wapi. Katika ploti ya kukodi, kama ya mama huyu, mpangaji hana ardhi ya kuombea kibali. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuomba au kukubali kwa maandishi. Wenye nyumba wengi hukataa kwa kuogopa kupandishiwa ada, au kwa sababu wapangaji wengine wanalalamikia kelele na nepi zilizoanikwa uani. Basi kabla ya kulipa kodi ya kwanza sema wazi utakayoyafanya mle ndani. Nimeona mlezi akitimuliwa na mwenye nyumba, wala si na kaunti, watoto wakahamishiwa usiku huohuo katika chumba kibaya zaidi nyuma ya kinu cha kusagia mahindi.

Katika laini za kampuni hali ni nyingine. Nyumba ni ya mwajiri, na umepewa kwa sababu ya kazi. Hakuna leseni utakayopata kwa siri ya meneja. Lakini hapo kuna mlango ambao wafanyakazi hawaugongi vya kutosha. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali safi pa faragha pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa kula. Chama cha wafanyakazi kinapokwenda mezani kuzungumza na kampuni juu ya bei ya kilo, jambo hili nalo liwe katika karatasi.

Kwa mkulima mdogo huko Konoin au Bureti, nyumba iko katikati ya shamba, na ardhi ni ya kilimo. Kogo anayeshika wajukuu wawili na mtoto wa jirani hana haja ya kibali cha mipango kwa hilo. Akitaka kujenga ukumbi wa mabati wa watoto 15, hapo aombe. Hata hivyo, kwa sababu hakuna mkaguzi anayefika huko, hatari hukaa miaka bila kuonwa: dawa ya magugu iliyomiminwa katika chupa ya soda, kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, tundu la choo ambalo mguu wa mtoto wa miaka miwili unapita, ndoo ya maji. Msishangae kuhusu ndoo. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kwa kulinganisha na mwili wake. Akiinama akatumbukia kichwa chini hawezi kujinyanyua, na hufa bila kupiga kelele.

Kuhusu notisi yenyewe, ni vizuri kujua nguvu zake na mipaka yake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni kongwe. Ilianza mwaka 1921. Inahesabu nyumba iliyojaa watu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero ya kuondolewa. Afisa wa afya anaweza kukupa notisi ya kurekebisha, na usiporekebisha anakupeleka mahakamani, na mahakama ndiyo inayoweza kutoa amri nyumba ifungwe. Katika mambo ya ardhi, ukinyimwa kibali, ipo kamati ya rufaa ya mipango katika kaunti. Malipo yote hufanywa kwa njia rasmi za kaunti, nawe hupewa risiti. Anayetaka alipwe mkononi, pale mlangoni, kila Ijumaa, hakupi leseni. Anakukodisha hofu yako mwenyewe.

Nitasema maoni yangu bila kuficha, na maafisa wakipenda wanijibu katika ukurasa huu. Kuwavamia walezi kama wanavyovamiwa wauza chang'aa hakuwalindi watoto. Mlezi aliyevamiwa hufunga mlango wa mbele na kupokea watoto kwa mlango wa nyuma. Huziba dirisha kwa gunia ili kilio kisisikike barabarani. Akiugua mtoto, anaogopa kumpeleka zahanati asije akaulizwa ni wa nani na wako wangapi. Watoto ninaoletewa wakiwa wamechelewa kabisa, midomo imegeuka rangi, wengi wametoka katika vyumba vya namna hiyo, ambavyo hakuna aliyetaka vijulikane. Leseni ya bei nafuu, inayopatikana katika ofisi moja, na ziara ya mhudumu wa afya ya jamii mara moja kwa mwezi, ingeokoa watoto wengi kuliko gari la askari wa kaunti.

Lakini mlezi naye asinifanye wakili wake kwa kila jambo. Hebu tupige hesabu ya chumba. Futi 10 kwa 10 ni kama mita za mraba 9. Uingereza, ambako walezi wa nyumbani walianza kusajiliwa kwa sheria mwaka 1948, kila mtoto wa chini ya miaka miwili hutengewa mita za mraba 3.5, na wa miaka mitatu hadi mitano mita 2.3. Kwa kipimo hicho chumba cha mama huyu, hata kikiwa kitupu bila kitanda wala kabati, kinatosha wachanga wawili, au watoto wanne wakubwa kidogo. Mlezi wa huko akiwa peke yake haruhusiwi zaidi ya watoto sita wa chini ya miaka minane, na kati yao wasiozidi watatu ndio wawe wa chini ya miaka mitano, na kwa kawaida mmoja tu wa chini ya mwaka. Sisemi Brooke au Silibwet iwe London, na kodi ya nyumba nayaijua. Nasema kwamba 11 na mikono miwili ni hesabu isiyokubali. Kipimo ninachowapa akina mama ni hiki: moto ukiwaka sasa hivi, ni wangapi wasioweza kutembea utawabeba kwa safari moja? Hao ndio idadi ya wachanga wako. Ukitaka zaidi, tafuta mwenzako mlee pamoja.

Na moto ni jambo la kweli huku kwetu. Nyanda hizi ziko juu sana, mvua ni nyingi, na asubuhi za Julai baridi hupenya mifupa. Mlezi hufunga dirisha, huleta jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto, nao husinzia vizuri. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtoto anayepumua haraka kuliko mtu mzima huathirika kwanza. Yule unayedhani amelala vizuri huenda hataamka. Jiko libaki nje, na libaki nje hata makaa yakiwa yanafifia. Watoto wavishwe soksi, kofia na sweta mbili, na dirisha liwe wazi upande mmoja. Moshi wa kuni nao hufungua njia ya nimonia, na msongamano humalizia kazi, kwa maana kikohozi cha mmoja asubuhi ni cha wote jioni.

Kwa hiyo kila mlezi ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, tazama saa, hesabu kwa dakika nzima. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari; miezi miwili hadi kutimiza mwaka, 50 au zaidi; mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona pia kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, usingoje mama atoke shambani. Mpigie simu ukiwa njiani. Zahanati ikishindwa itampeleka Kapkatet, Longisa, Tenwek au Kericho, kutegemea mlipo.

Jambo jingine linaloniudhi ni dawa za usingizi. Baadhi ya walezi huwapa watoto dawa ya maji ya mafua, ile inayosinzisha, ili kumi walale na mmoja abembelezwe. Si dawa ya usingizi. Kwa mtoto mdogo hupunguza nguvu ya kupumua, na kipimo cha kijiko cha chai huwa hakilingani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mzazi unayemchukua mtoto jioni akiwa amelala, ukafika naye nyumbani akiwa amelala, na ukamlaza tena bila kula, siku tatu mfululizo, usifurahi kwamba ni mpole. Uliza. Wachanga wote walale chali, juu ya godoro gumu kidogo, bila mto wala blanketi zito usoni, na wasilale na mtu mzima aliyechoka kwenye kitanda kimoja.

Chanjo ni rahisi kuliko yote na hata hivyo husahaulika. Mlezi aombe kuona kijitabu cha kliniki siku ya kwanza, kabla ya kupokea pesa. Asiridhike na alama za wiki ya 6, 10 na 14 tu. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi wanaoiruka kwa sababu mtoto anaonekana mkubwa na mama hana siku ya kupoteza. Surua ikiingia katika chumba chenye watoto wanane wasiochanjwa haitamwacha yeyote. Mlezi naye akikohoa wiki mbili aende akapimwe kifua kikuu, bila kungoja kutema damu.

Je, mtoto anayeharisha apokewe? Apumzike nyumbani hadi kuhara kukome. Ninajua mama atapoteza kilo za siku hiyo, na ndiyo sababu humnywesha mtoto dawa saa kumi na moja alfajiri ili aonekane mzima hadi atakapopita mlango. Basi mlezi na wazazi wakubaliane mapema, siku mtoto anapoandikishwa: siku ya ugonjwa mzazi hatozwi ada, naye haleti mtoto mgonjwa kwa kificho. Kuhara kukimwanzia pale pale kwa mlezi, aanze kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, kidogo kidogo kwa kijiko, na kliniki itampa zinki. Maji ya kuoshea mikono yawe ya kutiririka, hata kama ni kibuyu chirizi cha mtungi wa lita tano, na mahali pa kubadilishia nepi pasiwe ndipo pa kukorogea uji.

Kuhusu maziwa, mtoto asiyetimiza miezi sita anahitaji ya mama peke yake, na kazi ya shambani haiondoi hilo. Mama akamue asubuhi katika chombo safi chenye kifuniko, aandike saa. Pasipo friji, maziwa hayo yatumike ndani ya saa nne. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe kidogo. Chupa za kunyonyea husafishika kwa shida na hubeba kuhara. Anayekaa karibu na shamba la chai ana bahati, anaweza kumbeba mtoto hadi kituo cha kupimia majani wakati wa mapumziko, akanyonya na kurudi. Mlezi anayekubali kufanya hivyo alipwe kitu juu ya ada yake.

Nanyi wazazi, msichague kwa bei tu, wala kwa cheti kilichotundikwa ukutani. Fikeni siku moja saa nne asubuhi bila kutoa habari. Mlezi akikuzuia mlangoni, umepata jibu lako. Akikukaribisha, nusa kwanza: moshi, mkojo wa jana, dawa ya mende. Wahesabu watoto wewe mwenyewe. Tazama dirisha kama linafunguka, choo kama kina kifuniko, maji ya moto yako wapi, na kama nambari za simu za wazazi zimeandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzisoma mlezi akizimia. Uliza ni nani mwingine hukaa au kulala katika nyumba hiyo. Jioni, unapomwogesha mtoto, mwangalie mwili wote. Alama za kuungua au michubuko isiyoelezeka, au mtoto anayepiga mayowe akiona mlango ule, hayo si ya kunyamaziwa. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bure mchana na usiku, na anayepiga si lazima awe mzazi.